Bega linawaka nikipiga topspini, shida ni msuli au ni mimi napiga vibaya?

Temeke_Loopa:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijauza raketi. Nina miaka 34, tebo tenisi nilianza sekondari, nikaacha 2013 maisha yalivyobana, mwaka jana nikarudi kwa nguvu zote na sasa nacheza siku nne kwa wiki kwenye ukumbi mmoja huku kwetu. Nashika shekihendi, yaani raketi kama unampa mtu mkono, mkono wa kulia, na silaha yangu ni forehendi topspini, yaani napigia upande wa mkono wa raketi na kuukwangua mpira uzunguke kwenda mbele, nyingine zote najazia tu. Sasa huu mwezi wa pili bega la kulia linawaka. Sio kiwiko, sio shingo, ni bega lenyewe, mbele na ubavuni kidogo, ukibonyeza kama vidole viwili chini ya ule mfupa wa juu ndo unapapata penyewe.

Kinachonichanganya ni kwamba nikibloku, yaani nikiuzuia tu mpira, haliumi. Kuserva haliumi. Bekihendi, ile ya upande wa pili, ndo kabisa, naweza kupiga bekihendi saa nzima na nisisikie kitu. Linaanza nikishapiga topspini kama dakika 20 hivi, na hasa nikikutana na jamaa yetu mmoja wa kuchopu, yaani yule anaukata mpira kwa chini uzunguke kinyumenyume, kila anaorudisha umezama, inabidi niunyanyue, nanyanyua huu nanyanyua ule, geimu mbili tu bega limekwisha. Kesho yake nikipanda daladala nikakosa siti nikalishika lile bomba la juu natamani kulia mbele za watu.

Vitu vilivyobadilika: raketi mpya nimenunua kama miezi mitatu iliyopita, mbao yenye kaboni, raba pande zote siponji milimita 2.2, nimeipima kwenye mizani ya duka ina gramu 191, ile ya zamani ilikuwa 172. Halafu meza yetu imesogezwa karibu na ukuta sababu wenye ukumbi wameweka viti vya sherehe upande wa pili, upande wangu wa kulia nina hatua moja na nusu hivi.

Kila mtu pale ananiambia "tumia mwili, tumia mwili", sawa, ila hamna anayesema mwili upi. Mwingine ananiambia bega langu ni dhaifu niende jimu. Sasa naomba mwenye kujua anisaidie, kwenye ile forehendi bega linafanya kazi gani hasa, na misuli ipi? Na mimi nipo dhaifu au napiga vibaya?

Mombasa_Kati:

Pole ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, nilipata hiyo kitu mwaka juzi. Dawa ni kujenga bega bana, beba dambeli, pigia juu ya kichwa seti 4 kila siku asubuhi, baada ya mwezi bega linakuwa kama la kuli wa bandarini, hakuna topspini itakayokutisha. Na hiyo raketi ya gramu 191 uza kweli, nitainunua mimi hehe.

Mzee_Penholda:

Kijana pole sana. Usimsikilize huyo wa dambeli, atakumaliza.

Mimi nina swali moja tu kwako. Ukishamaliza kupiga hiyo topspini yako, mguu wako wa kulia unakuwa wapi?

Nakuuliza kwa sababu. Umesema uliacha 2013. Sasa mpira uliouacha sio mpira uliorudi kuukuta. Zamani kabisa tulikuwa na ule wa milimita 38, ukaja wa 40 mwaka 2000, lakini ulikuwa bado seluloidi, halafu 2014 ndo wakaanza kutuletea wa plastiki, wewe ulikuwa umeshaondoka. Huu wa plastiki hauzunguki kirahisi kama ule. Na sisi wengine tulizoea gundi za kasi, raba inavimba, unaugusa tu mpira unalia kwa sauti na unakimbia wenyewe, 2008 wakazipiga marufuku na nikaona wacheza wazuri wa umri wangu wanapotea mmoja mmoja kwa sababu mchezo wao wote ulikuwa kwenye gundi. Kwahiyo spini ileile uliyokuwa unaipata kwa kifundo cha mkono ukiwa kidato cha nne, sasa hivi inabidi uitafute chini, kwenye mapaja. Ukiwa hujui hilo, unaitafuta kwenye bega. Bega ndo kitu cha karibu.

Sisi wa penholda, tunaoshika raketi kama kalamu, hili tulilazimishwa kulijua, maana ukicheza penholda ya zamani bekihendi yako ni ya kusukumia tu, meza nzima unailinda kwa forehendi, usipokuwa na miguu huna mchezo. Katazame fainali ya Olimpiki ya Athens 2004, Ryu Seung-min wa Korea Kusini na Wang Hao wa China, wote penholda, halafu usitazame mpira hata mara moja, tazama viatu vya yule Mkorea.

Nijibu hilo la mguu.

Temeke_Loopa:

Shikamoo mzee. Kusema ukweli sijui mguu unakuwa wapi. Sijawahi kuuangalia. Nafikiri upo palepale.

Mzee_Penholda:

Marahaba. "Palepale" ndo jibu nililokuwa naliogopa.

Dada_Fizio:

Shikamoo mzee Penholda, na pole kaka Loopa. Mimi ni fizio, natibu viungo na misuli kwa mazoezi, tebo tenisi nacheza vibaya tu wikendi, ila mabega nayaona kila siku, wapaka rangi, walimu wa kuandika ubaoni, wanaosuka nywele, na nyie wa raketi. Siwezi kukwambia una nini bila kukushika hilo bega, nikikwambia nitakuwa naongopa, ila naweza kukuelezea hiyo kazi uliyouliza.

Nyonga na bega ni vitu viwili tofauti. Nyonga kichwa cha mfupa kimezama ndani ya bakuli, hakitoki. Bega ni chungwa juu ya kisosi. Ndo maana mkono unakwenda kila upande, na ndo maana linaumia kirahisi. Sasa nani analishika hilo chungwa lisiteleze? Kuna misuli minne midogo inatoka kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, inakuja kulizunguka chungwa kama vidole. Hiyo kazi yake sio kupiga. Inashika. Misuli ya kupiga ni ile mikubwa, wa mbele wa bega lenyewe, deltoidi, huo unanyanyua mkono kuuleta mbele na juu. Wa kifua unauleta mkono kukatiza mbele ya mwili, halafu ukisaidiana na ule mpana wa mgongoni unaoishia kwapani unauzungusha mkono kwa ndani. Hizo tatu zikichanganyika, kwenda mbele, kukatiza na kuzunguka kwa ndani, ndo forehendi yako hiyo kwa upande wa bega.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wengi hawapajui. Mpira wa tebo tenisi una gramu 2.7. Ukiupiga haukupunguzii mwendo wa mkono kiasi cha kuhisi, ni kama umepiga hewa. Na mkono wako, tuseme una kilo 70, mkono mzima toka begani mpaka vidoleni una kama kilo 3 na nusu. Umezirusha kilo 3 na nusu mbele kwa kasi yote uliyonayo, mpira umeshaondoka, nani anausimamisha mkono usichomoke? Ni ile midogo ya nyuma ya kombe pamoja na nyuma ya deltoidi. Inafanya kazi huku inavutwa, inarefuka huku imekaza, kama mtu anayeshikilia kamba ya ng'ombe anayekimbia, na kazi ya namna hiyo ndo inayochosha kano kuliko nyingine. Wewe unahesabu topspini ngapi umepiga, bega lako linahesabu breki ngapi limefunga.

Mmoja wa ile minne kano yake inapita juu ya chungwa, chini ya kipaa cha mfupa, ule mfupa uliosema unabonyeza vidole viwili chini yake. Nafasi pale ni ndogo. Mkono ukiwa umenyanyuliwa ubavuni kati ya nyuzi 60 na 120 hivi ndo kunabana zaidi, na ukichoka, chungwa linapanda juu kidogo, linabana zaidi. Bomba la daladala linakupitisha hapohapo. Dambeli ya kupigia juu ya kichwa nayo inakupitisha hapohapo, samahani kaka wa Mombasa.

Na mkono haupandi peke yake jamani. Kila nyuzi 3 unazonyanyua, kama 2 ni za chungwa na 1 ni ya kombe kuzunguka juu ya mbavu. Kombe likigoma, hiyo moja inalipwa na chungwa. Watu wanaokaa kwenye kompyuta siku nzima mabega yamekuja mbele, kombe limeganda. Unafanya kazi gani?

Kuhusu bekihendi kutouma, mi naona ni sawasawa kabisa. Bekihendi kiwiko kipo mbele ya tumbo, mkono wa juu hausafiri sana, nguvu inatoka kwenye kunyoosha kiwiko na kifundo, na bega linazunguka kwa nje safari fupi. Bloku ndo hamna safari kabisa.

Ukiona linakuamsha usiku, au mkono unakosa nguvu ya kunyanyua hata kikombe, au vidole vinakufa ganzi, acha mtandao nenda hospitali.

Temeke_Loopa:

Dada asante sana, hiyo ya gramu 2.7 sikuwahi kuiwaza maishani. Nafanya kazi ya hesabu, ndio, kompyuta siku nzima na mausi mkono huohuo wa kulia. Usiku haliniamshi ila nikililalia nalisikia. Nguvu ninayo.

Nyaya_na_Misuli:

Nimefika nimechelewa lakini mada yangu hii siwezi kuiacha. Nilisomea sayansi ya michezo, na nimewahi kuwa ng'ombe wa majaribio, nilibandikwa zile nyaya za kusoma umeme wa misuli nikapigishwa forehendi mpaka nikalowa.

Niseme kwanza hicho kipimo ni nini maana watu wanakitaja bila kujua. Msuli ukiagizwa ukaze unatoa umeme kidogo sana. Unanyoa ngozi, unasafisha na spiriti, unabandika vibati viwili juu ya msuli, mashine inachora. Halafu mchoro peke yake hausemi kitu, mpaka kwanza umwambie mtu akaze huo msuli kwa nguvu zake zote dhidi ya kitu kisichosogea, hiyo ndo 100, kisha unasema kwenye forehendi msuli fulani ulifika asilimia fulani ya ile 100. Na vibati vya juu ya ngozi vinasikia misuli ya juujuu tu, deltoidi, kifua, ule wa mgongoni. Mmoja wa ile minne ya dada umejificha kati ya kombe na mbavu, huo huusikii bila kuchoma sindano yenye waya, na kapigishe mtu topspini ana sindano kwapani uone.

Sasa wale wanaosema "legeza bega, mchezaji mzuri bega lake halifanyi kazi", hapana. Linafanya. Misuli ya mbele ya bega na kifua inawaka kweli wakati raketi inakwenda mbele, kwa mchezaji wa juu pia. Tofauti ipo kwenye saa. Mchezaji mzuri ukiangalia mchoro wake, anaporudisha mkono nyuma panakuwa kimya, halafu ghafla pap, mlima mwembamba, halafu unashuka, na wa nyuma wa kufunga breki unapanda. Mimi mchoro wangu ulikuwa kilima kimoja kipana kama Usambara, nimekaza toka mwanzo mpaka mwisho, mbele na nyuma kwa pamoja, yaani nakanyaga mafuta na breki. Nilikuwa natumia nguvu nyingi kuliko jamaa aliyenifuatia na raketi yake ilikuwa inakwenda kasi kuliko yangu. Iliniuma.

Na jambo jingine, umeme unatangulia nguvu. Toka msuli umepokea oda mpaka uvute mfupa zinapita milisekunde makumi, na safari ya raketi kwenda mbele nayo ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwahiyo oda imeshatoka mpira ukiwa bado upo upande wa mwenzako au juu ya neti. Ukichelewa kusoma mpira, mwili haupati muda wa kuanzia chini, unakurupuka na kitu kilicho karibu na mpira, ambacho ni mkono. Mzee kasema bega ndo la karibu, ni hivyohivyo hata kwenye mashine.

Kuna Wajapani wawili, Iino na Kojima, 2009 walitoa utafiti wao, waliwachukua wachezaji wa kiwango cha juu na wa kati wakawapigisha topspini forehendi dhidi ya mipira ya chopu, nyepesi na nzito. Yaani kama wewe na huyo jamaa yako. Walichokikuta ni kwamba kwa wale wa juu, mzunguko wa sehemu ya chini ya kiwiliwili, kiunoni huku, ulichangia kasi ya raketi zaidi kuliko kwa wale wa kati. Kwahiyo ukiambiwa tumia mwili, jibu la "mwili upi" ni nyonga na kiuno.

Inavyotembea ni hivi. Mguu wa kulia unasukuma sakafu, nyonga ya kulia inazunguka kwenda mbele, kiwiliwili kinafuata, na mkono unabaki nyuma kidogo. Hapo "unabaki nyuma" ndo penyewe. Kiuno kikitangulia na mkono ukachelewa, kifua na mbele ya bega vinavutika kama raba ya manati, halafu vinaachia. Msuli uliovutwa kwanza ukaachia unatoa zaidi na unachoka kidogo. Ukianza vyote kwa pamoja, au mkono ukatangulia kiuno, manati haijavutwa, unarusha jiwe kwa mkono.

Mombasa_Kati:

Sawa nimekubali ya dambeli, yangu ilipona kwa bahati. Lakini hebu niulize. Mbona Quadri Aruna wa Nigeria anapiga kwa mkono? Swingi zake ndefu, mkono umefunguka kote, na Olimpiki ya Rio 2016 alifika robo fainali, Mwafrika wa kwanza kufika hapo, akatolewa na Ma Long wa China aliyechukua dhahabu. Na Ma Long mwenyewe forehendi yake mkono umenyooka karibu kabisa. Mbona mabega yao hayawaki? Mwafunza watu kukunja kiwiko halafu mabingwa wanyoosha.

Nyaya_na_Misuli:

Swali zuri hilo. Kwanza hamna aliyesema akunje, ila tuongee. Mkono ulionyooka unampa kasi kubwa kwenye ncha, kama fimbo ndefu na fimbo fupi, zungusha zote mwendo mmoja ncha ya ndefu inakwenda kasi. Lakini uzito wa kuzungusha unakua kwa umbali mara umbali, sio umbali tu. Kwahiyo mkono ulionyooka begani ni mzito mno kuuanzisha na mzito mno kuusimamisha. Ma Long anaweza kwa sababu hauanzishi kwa bega, anauanzisha kwa mguu, bega linaukuta tayari uko kwenye mwendo, halafu akimaliza kiwiko kinakunjika na mwili unaendelea kuzunguka, breki inagawanywa. Wewe mkono umenyooka na kiuno kimesimama, bega linalipa kote kuwili, kuwasha na kuzima.

Na hii inarudi kwenye raketi yako Loopa. Gramu 19 zilizoongezeka ni kitu kidogo ukizishika mkononi, lakini zipo mwisho kabisa wa mkono, pale umbali mara umbali ni mkubwa kuliko pengine popote. Siwezi kusema raketi ndo imekuumiza. Ila imekuja wakati mbaya.

Mzee_Penholda:

Huyo Aruna msimtazame mkono. Isimamisheni video pale raketi ipo nyuma, tazameni goti la kulia limekunjwa vipi na kiuno kimegeuka vipi. Halafu tazameni amesimama wapi, ana mita mbili nyuma yake na kila upande, huyu kijana wetu ana hatua moja na nusu na ukuta. Mtu aliye na ukuta kuliani hawezi kurudisha mguu wa kulia nyuma, na usiporudisha mguu umesimama sambamba na meza kama uko kwenye gwaride, na ukisimama gwaride kiuno hakina pa kwenda. Nadhani nusu ya bega lake lipo kwenye vile viti vya sherehe.

Dada_Fizio:

Hahaha mzee umenichekesha ila upo sahihi. Mimi bibi yangu alikuwa anatwanga mahindi hadi ana miaka 70, na hakuwahi kulalamika bega. Ukimwangalia, mchi anaunyanyua kwa magoti na mgongo, mikono imeushika tu, halafu akiushusha anauachia ushuke. Sisi wajukuu tulikuwa tunanyanyua kwa mikono na kuusukuma chini kwa mikono, dakika tano tumekwisha, anatucheka. Kupiga mpira wa chopu ni kitu hichohicho, mpira upo chini, lazima mtu aunyanyue, kama magoti hayanyanyuki deltoidi ndo itanyanyua, mara 200 kwa jioni moja.

Kaka Loopa fanya hivi kwa sasa. Punguza topspini, sio kuacha kucheza, cheza bekihendi na bloku zako, topspini kidogo za taratibu zisizozidi maumivu madogo. Chukua tyubu ya baiskeli kuukuu, ikate, ifunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Kiwiko kikunjwe nyuzi 90, taulo lililokunjwa ubane kwapani, vuta tyubu kwenda nje, halafu RUDISHA TARATIBU, hesabu mpaka nne. Hiyo ya kurudisha ndo breki yenyewe unaifundisha, watu wengi wanaiachia irudi yenyewe wanakuwa hawajafanya kitu. Seti 3 za 12 hivi, siku moja ndiyo siku moja pumzika. Halafu pushapu za ukutani, ukifika mwisho mikono imenyooka, sukuma zaidi kidogo mpaka uhisi makombe yanaachana mgongoni, hiyo ni ya kuliamsha kombe. Na ofisini kila saa simama, hata dakika moja.

Na tafuta fizio karibu nawe akushike, nasisitiza.

Nyaya_na_Misuli:

Na jirekodi. Simu yoyote, iweke juu ya kiti nyuma yako na nyingine ubavuni, sloumosheni. Angalia kitu kimoja tu, kiuno na raketi, kipi kinaanza kwenda mbele. Usiangalie kama mpira umeingia.

Temeke_Loopa:

Wakuu nimerudi, ni wiki ya nne leo, nilisema nisiandike mpaka niwe na kitu.

Kwanza video. Jamani. Nilijiona ni mtu mwingine. Nilikuwa nahisi nazunguka, kumbe nazungusha kichwa. Kiuno kimetazama neti mwanzo mpaka mwisho, mguu wa kulia umebandikwa sakafuni na gundi, mkono unaanza peke yake, na kuna kitu hamkukisema nimekiona mwenyewe, kabla ya kila topspini bega linapanda juu karibu na sikio, kama mtu anayesema "sijui". Kila mpira. Nimehesabu mipira 40, mara 36 nimesema sijui.

Nilienda kwa fizio, akanishika akaniambia kano imevimba kidogo haijachanika, akanipa mazoezi karibu yaleyale ya dada, ya tyubu na ya ukuta, akaongeza ya kunyoosha nyuma ya bega. Raketi nimerudia ile ya zamani, mpya ipo kabatini, Mombasa_Kati bado sijaamua. Viti vya sherehe ilibidi nikaongee na mwenye ukumbi, alikataa, nikarudi na mwenzangu mmoja anayejua kuongea, akakubali tuigeuze meza ikae kimshazari, sasa kila upande kuna nafasi ya mtu kurudisha mguu. Tulichelewa tu kuomba, meza ilikuwa inageuka siku zote.

Bega lilikuwa 7 kati ya 10, sasa hivi ni 2, siku nyingine 3. Kwenye daladala nalishika bomba toka Temeke mpaka Kariakoo, nabadilisha mkono mara moja tu. Ila sasa mapaja ndo yanauma! Ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume. Na topspini zangu zimekuwa mbovu kwa muda, nusu zinakwenda nje ya meza, maana kiuno kikiingia raketi inafika mapema kuliko nilivyozoea, bado sijajua niupige mpira wapi.

Yule wa kuchopu jana kanifunga tena 3-1, ila geimu ya mwisho ilikuwa 14-12.

Mzee_Penholda:

Upige mpira mbele zaidi, usiusubiri ukufikie kiunoni. Na hiyo geimu ya 14-12, pointi ya mwisho ulipiga ukiwa umesimama wapi?

Temeke_Loopa:

Gwaride mzee.